Ndoo Moja Kasoro Jiwe

Mama yangu, Sikudhani binti Mbwana,
alivunja mawe Kunduchi miaka kumi na tisa
na hakuna jiwe aliloliogopa
ila moja.

Lilikuwa la kawaida tu, la matumbawe,
la bahari iliyokauka kabla hatujapewa majina,
limetoboka-toboka.
Upande wake wa jua kulikuwa na madoa:
moja la kijivu, kama jivu la mkaa,
moja la manjano ya bizari iliyomwagika,
na moja jeusi, limejikunja kingo
kama karatasi iliyonusurika moto.

Wenzake wakasema ukoko. Wakasema upele.
Semeni akasema mavi ya kunguru, tukacheka.
Mama alilikwangua kwa ukucha. Doa halikutoka,
ukucha ndio uliotoka.

Mwaka alionizaa alikuwa amechukua msumari
akalizungushia mstari lile la manjano,
ukingoni kabisa,
kama mpima viwanja kwa mtu asiye na hati.

Akaja dada wa Chuo, Kokuhirwa, na kioo chake cha kukuzia,
akapiga magoti kwenye kokoto na suruali yake nzuri,
akatupa jina: kuvumwani.
Si mmoja, alisema, ni wawili.
Kuvu anajenga nyumba, mwani anapika kwa jua.
Hawana mizizi, hawamwibii mtu.
Mama akauliza, Na kodi analipa nani?
Kokuhirwa akacheka, kisha akanyamaza,
maana mama hakuwa amecheka.
Baba alikuwa Mererani, mwaka wa sita,
akitafuta jiwe la aina nyingine.

Juu ya shimo, kwenye udongo mkavu
ambako hata ukoka ulikata tamaa,
palikuwa na utando mweusi unaolia chini ya kandambili
kama ukoko wa wali.
Zungukeni, alituomba, hao ndio wanaoushika udongo.
Tulizunguka wiki nzima.
Kisha lori likapita.

Januari, saa saba mchana,
madoa yalikauka yakafanana na jiwe lenyewe;
ungeapa yamekufa.
Mama alikunywa funda la kwanza,
la pili akalitema juu ya jiwe.
Kabla hajafunga kopo, lile la kijivu
likawa kijani.
Kijani kabisa, cha mchicha.
Akaangalia.
Kumbe anasubiri tu, akasema,
akarudi kwenye nyundo.

Nilipofika darasa la saba
lile la manjano lilikuwa limeruka mstari
kwa urefu wa punje ya mchele.
Mimi nilikuwa nimeruka viatu vinne,
madaftari yasiyohesabika, na sauti yangu ya kwanza.

Siku ya Fuso, dereva alihesabu:
ndoo arobaini, kasoro moja.
Akageuka, akaliona jiwe.
Ada yangu ilikuwa ndani ya ile ndoo moja,
sote tulijua, hata Semeni aliyekuwa akijifanya anafunga kanga.
Mama akainua nyundo.
Nakumbuka mkono wake pale juu, vumbi kwenye vinyweleo,
na mimi, Mungu anisamehe,
nikisema moyoni: piga.

Akaishusha polepole, kama anayelaza mtoto.
Andika thelathini na tisa.

Sasa tunakaa Mbagala, kando ya barabara kuu.
Jiwe lipo mlangoni, linazuia mlango usijigonge.
Kokuhirwa aliwahi kusema moshi huwaua
hao wasiouawa na jua.
Nililipima mwaka jana kwa rula ya mwanangu:
punje ileile.
Mama hasemi kama limekufa. Mimi siulizi.
Kila alfajiri, kabla magari hayajachangamka,
anatoka na kopo la maji aliyooshea mchele,
anamwaga kidogo,
anavuta kigoda,
tunaangalia.